Sauti Ikikupwea Mwezi Mzima: Mashine Husikia Nini, na Daktari Huona Nini?

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, lakini riziki yangu iko bara. Nalala Ruiru, nasomesha Thika. Darasani kwangu mna watoto zaidi ya 60, na ukuta wa pili kuna mafundi wa jua kali wanaogonga mabati kutwa. Anayetaka kusikika hapo hana budi kupaza sauti. Nimepaza yangu kwa miaka 11.

Mwaka jana, muhula wa kwanza, sauti ikanipwea. Nikafanya tunayoyafanya sote: tangawizi, asali na ndimu, kujifukiza, peremende za koo. Duka la dawa nikauziwa vidonge mara mbili. Kliniki moja nikaambiwa ni baridi ya huku bara, mtu wa pwani hajaizoea. Muhula ukaisha, sauti haikurudi.

Aliyenishtua ni mama. Yeye hafuti kitu katika simu yake; sauti zote ninazomtumia kwa WhatsApp amezihifadhi. Siku moja akanipigia: "Mwanangu, nimesikiliza ulizonitumia mwaka juzi, kisha nikasikiliza za juzi. Huyu wa sasa si wewe. Nenda kwa daktari wa koo, usinipe tena habari ya baridi."

Baadaye nilipoanza kusoma juu ya jambo hili niligundua kwamba mama alikuwa amefanya kile ambacho watafiti wa dunia nzima wanajaribu kuifundisha kompyuta: kulinganisha sauti ya leo na sauti nzima, na kutambua kwamba kooni kuna kitu. Nawaandikia wenzangu, hasa walimu, waadhini, wachuuzi, makanga na mama zetu wanaoimba harusini, nieleze elimu hii imefika wapi, inaweza nini, na inaishia wapi.

Sauti hutoka wapi

Ukijishika shingoni kwa mbele na kusema "aaa" utasikia mtetemo. Hapo ndipo lilipo koromeo, ambalo vitabu vya shule huliita zoloto. Ndani yake mna nyuzi mbili za sauti, laini kama midomo, zimelala moja kulia na moja kushoto. Ukivuta pumzi huachana ili hewa ipite. Ukisema hukaribiana, hewa ya mapafuni ikazisukuma, nazo zikapigana na kuachana kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata: kwa mwanamume kiasi cha mara 100 hadi 150 kwa sekunde, kwa mwanamke kiasi cha mara 200, na kwa mtoto zaidi ya hapo.

Fanya hesabu kidogo. Mwalimu mwanamke anayesema kwa saa moja tu bila kunyamaza, nyuzi zake zimegongana mara 720,000. Akisema kwa kelele, zinagongana kwa nguvu zaidi. Si ajabu basi zikaota sugu, kama mkono wa mpiga jembe.

Nyuzi hizo zikiwa nzima na laini, kila mpigo hufanana na uliotangulia. Zikiwa na kinundu, uvimbe, kidonda, au upande mmoja ukiwa umepooza, hazifungi sawasawa. Hewa huvuja, mapigo hayalingani, na masikio yetu husema: sauti imekwaruza.

Mashine husikiliza nini

Kompyuta haisikii "kukwaruza". Inahesabu. Mgonjwa huambiwa aseme "aaa" kwa sekunde chache mbele ya kipaza sauti, na kompyuta huikata sauti hiyo vipande vipande, mara nyingi 44,100 kwa kila sekunde. Kisha hutafuta mambo matatu makubwa.

La kwanza ni muda wa kila mpigo. Kwa sauti ya mapigo 200 kwa sekunde, kila mpigo huchukua elfu 5 za sekunde. Hakuna binadamu ambaye mapigo yake yanalingana kabisa, lakini kwa mtu mzima wa afya tofauti ya mpigo na mpigo unaofuata huwa ndogo sana. Kipimo kimoja kinachotumika sana kimeweka mpaka kwenye asilimia 1.04, ukiuvuka, sauti hutazamwa kwa makini.

La pili ni nguvu ya kila mpigo. Hapo nako hutazamwa kama mpigo huu una nguvu sawa na ule. Kipimo hicho hicho kimeweka mpaka wake kwenye asilimia 3.81.

La tatu ni uwiano wa sauti yenye mpangilio na kelele ya hewa inayovuja. Huu hupimwa kwa desibeli. Ukipata 20, maana yake asilimia 99 ya nguvu ya sauti yako ina mpangilio na asilimia 1 tu ni kelele. Ukipata sifuri, kelele imekuwa sawa na sauti yenyewe.

Programu inayotumiwa sana na watafiti kwa hesabu hizi inaitwa Praat. Waliitunga Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, Uholanzi, nayo hupatikana bure. Mwanafunzi wa chuo chochote cha Thika mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuiweka leo na kupima sauti yake.

Kabla ya kompyuta madaktari walitumia masikio, na bado wanayatumia. Tangu 1981 wengi hufuata utaratibu wa Hirano wa Japani, ambapo msikilizaji hutoa alama kuanzia 0 hadi 3 kwa ubaya wa sauti kwa jumla, ukwaruzaji, uvujaji wa pumzi, udhaifu, na kukazana. Mama hakuwa na jedwali la Hirano. Angekuwa nalo, nafikiri angenipa 2.

Mwimbaji na kioo, mfalme na koo

Kuliona koromeo la mtu aliye hai, mwenye kuongea, ni jambo la karibuni. Aliyefungua njia hakuwa daktari bali mwalimu wa kuimba, Manuel García, Mhispania. Mwaka 1854 alijiangalia kwa kioo kidogo kama cha daktari wa meno na mwanga wa jua, akaziona nyuzi zake mwenyewe zikifunga na kufunguka. Mwaka uliofuata habari zake zikasomwa mbele ya wanachuoni wa London.

Lakini kuona nako si kila kitu. Januari 1887 mrithi wa kiti cha Ujerumani, Friedrich, alipwewa na sauti. Madaktari wa Kijerumani walishuku saratani wakataka kumpasua mwezi Mei. Daktari aliyeitwa kutoka Uingereza, Morell Mackenzie, akakata vipande vidogo vya nyama, na Rudolf Virchow, bingwa mkubwa wa zama zile, akavipima na asione saratani. Upasuaji ukaahirishwa. Februari 1888 ikabidi atobolewe shingo ili apumue. Machi akatawazwa akiwa hana sauti, akawa anaamrisha kwa kuandika vikaratasi. Alitawala siku 99, akafa tarehe 15 Juni 1888.

Msomaji wa pwani ataukumbuka mwaka huo kwa jambo jingine. Miezi michache baadaye, huko Pangani, Abushiri bin Salim na watu wa mwambao waliinuka dhidi ya kampuni ya hao hao Wajerumani. Dola iliyokuwa na nguvu za kuitwaa pwani yetu ilikuwa imeshindwa kuliokoa koo la mfalme wake, kwa sababu muda ulipita.

Na muda ndio kiini cha habari yote. Saratani ya nyuzi za sauti ina jambo moja la rehema kuliko saratani nyingi: hujitangaza mapema. Uvimbe mdogo tu juu ya uzi hubadilisha sauti. Ukigunduliwa katika hatua ya kwanza na kutibiwa kwa mionzi au upasuaji mdogo, wagonjwa kama 9 katika 10 hupona, na wengi hubaki na sauti zao. Ukiachwa ukakua, huenda koromeo lote likaondolewa.

Nina jirani Ruiru, makanga wa zamani wa barabara ya Thika. Sauti yake ilijulikana kutoka steji hadi sokoni: "Juja, Thika, mbao mbao!" Alikuwa mvutaji sigara. Sauti ilipoanza kukwaruza wenzake wakamcheka, wakasema sasa amekuwa makanga kamili. Alikaa hivyo zaidi ya mwaka. Alipoanza kukosa pumzi ndipo alipopelekwa hospitali. Leo anapumua kwa tundu la shingoni. Tukikutana asubuhi ananiinulia mkono, nami namwinulia. Bintiye ndiye anayemsemea dukani.

Mahali ambapo mashine inaishia

Sasa, je, kompyuta ingemwokoa? Huenda ingemsukuma aende mapema. Lakini isingemwambia ana nini. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika.

Kinundu cha mwalimu, uvimbe wa mvutaji sigara, na uvimbe wa maji wa aliyepiga kelele uwanjani vyote huzuia nyuzi kufunga. Kwa kompyuta vyote vinaweza kutoa namba zinazofanana. Tena kuna maradhi ambayo hayako kooni kabisa. Mshipa wa fahamu unaoendesha uzi wa kushoto huteremka hadi kifuani, ukazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu, ndipo ukapanda tena kwenye koromeo. Uvimbe wa pafu ukiubana mshipa huo, mgonjwa atalalamika sauti. Aliyepasuliwa tezi la shingo naye anaweza kupoteza sauti kwa njia hiyo hiyo. Hata ugonjwa wa Parkinson, ambao ni wa ubongo, hubadilisha sauti.

Na watoto wasisahauliwe. Kirusi cha HPV huweza kuotesha vinyama kwenye nyuzi za mtoto mdogo. Hulia kwa sauti ya kukwaruza, hupumua kwa mluzi, na mara nyingi huchukuliwa kuwa ana pumu. Mtoto ambaye dawa ya pumu haimsaidii na sauti yake haijapata kuwa safi, aangaliwe koo.

Mwaka 2022 taasisi ya taifa ya afya ya Marekani ilianzisha mradi mkubwa wa kukusanya sauti za wagonjwa ili kuifundisha kompyuta. Mwaka 2025 watafiti wakachapisha kazi waliyoifanya kwa rekodi 12,523 za watu 306 wa Amerika ya Kaskazini. Kwa wanaume, kile kipimo cha uwiano wa sauti na kelele kilionyesha tofauti kati ya wazima, wenye uvimbe usio wa saratani, na wenye saratani ya koromeo. Kwa wanawake hawakupata tofauti ya kutegemewa. Wao wenyewe walisema watu zaidi wanahitajika kabla ya kufika kliniki. Hayo ni matumaini ya kweli, lakini bado si kipimo cha kumpa mgonjwa majibu.

Tena kuna suala la sauti za nani. Hazina moja kubwa ya sauti za wagonjwa, ya Saarbrücken, Ujerumani, ina watu zaidi ya 2,000 wakitamka irabu na sentensi ya Kijerumani ya kuamkia na kuulizana hali. Nyingine, ya Boston, ni ya Wamarekani. "Aaa" haina kabila, lakini maneno yanayounganika yana lafudhi, na mwenye kusema "ng'ombe" na "dhahabu" hatikisi hewa sawa na Mjerumani. Wakenya na Watanzania wametoa sauti nyingi za Kiswahili katika mradi wa Common Voice wa Mozilla, lakini hizo ni za kuifundisha kompyuta kuelewa maneno. Hazikuandikwa na daktari ni nani mzima na ni nani mgonjwa. Vyuo vyetu, kuanzia Chuo Kikuu cha Mount Kenya hapo Thika hadi Pwani University kule Kilifi, vina kazi ya kufanya hapo.

Watafiti pia waligundua mtego: katika ile hazina ya Boston, wazima na wagonjwa hawakurekodiwa wote mahali pamoja na kwa hali moja. Kompyuta iliyosomea hapo ingeweza kujifunza chumba badala ya ugonjwa. Mimi nililiona jambo hili kwa macho yangu. Nilipakua programu moja ya simu inayojidai kupima sauti. Nikaijaribu katika ofisi ya walimu, ikasema sauti yangu ni njema. Nikaijaribu jioni ile ile steji ya Thika, matatu zikipiga honi, ikaniambia nimuone daktari haraka. Koo lilikuwa lile lile. Nikaifuta.

Vipimo viwili vya nyumbani

Kuna vipimo viwili visivyotaka mashine, saa tu. Havitoi jina la ugonjwa, lakini vinakupa sababu ya kwenda hospitali.

Cha kwanza: kaa wima, vuta pumzi vizuri, sema "aaa" kwa sauti ya kawaida bila kukatiza hadi pumzi iishe. Rudia mara 3, chukua ndefu kuliko zote. Mtu mzima wa afya hufika sekunde 15 hadi 25. Chini ya 10 si dalili njema. Mimi nilipata 8.

Cha pili kinatufaa sisi Waswahili kwa kuwa tumezoea kutofautisha saa na zaa. Vuta pumzi, toa "sss" mpaka iishe, hesabu sekunde. Kisha toa "zzz" vivyo hivyo. "Sss" haitumii nyuzi za sauti, ni pumzi tu, "zzz" inazitumia. Mwenye nyuzi nzima hupata muda unaokaribiana. Gawanya muda wa "sss" kwa muda wa "zzz". Jibu likizidi 1.4, mapafu yako yana pumzi ya kutosha lakini nyuzi hazifungi vizuri. Yangu ilikuwa "sss" 17 na "zzz" 9, karibu 1.9.

Na cha tatu, kama unataka, ni kile cha mama: jirekodi mara moja kwa mwezi katika chumba kimya, simu ikiwa umbali ule ule, maneno yale yale. Usiifute. Siku ukishuku, utakuwa na sauti yako mwenyewe ya kulinganisha, si ya Mjerumani.

Lini uende, na wapi

Mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani, wa 2018, unasema sauti isiyorudi kwa wiki 4 koromeo litazamwe. Madaktari wengine husema wiki 3. Usingoje hata hizo kama unavuta sigara, kama una uvimbe shingoni, unatema damu, unapata shida kumeza au kupumua, au sauti imebadilika baada ya upasuaji wa shingo au kifua.

Usikubali kupewa vidonge vya kuua vijidudu mara ya pili na ya tatu bila mtu kukutazama koo. Sema wazi: "Naomba nipelekwe kliniki ya masikio, pua na koo, nitazamwe nyuzi za sauti." Aliye Thika aanzie Hospitali ya Thika Level 5, aliye Ruiru ana hospitali ya Ruiru Level 4, waulizie barua ya rufaa. Hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyofunguliwa 2019, iko Kahawa West, si mbali na Ruiru, na ina matibabu ya saratani. Wenzangu wa Mombasa wana hospitali kuu ya Pwani.

Kipimo chenyewe kisiwatishe. Nilipuliziwa dawa ya ganzi puani, daktari akapitisha kamera nyembamba kama uzi wa kushonea mkeka, akaniambia niseme "iii". Haikuchukua dakika 3. Nikaziona nyuzi zangu kwenye kioo cha kompyuta: nyeupe, na katikati ya kila moja kinundu kidogo, vikitazamana. Sugu za kazi. Si saratani. Sikupasuliwa. Nilipewa mapumziko na mazoezi ya mtaalamu wa usemi: kunywa maji, kutosema juu ya kelele, kutonong'ona kwa kukazana, kupiga makofi ili darasa litulie badala ya kupiga kelele. Baada ya miezi minne "aaa" yangu ilifika sekunde 16.

Nilipomaliza nikamtumia mama salamu kwa WhatsApp. Hakujibu kwa maneno mengi. "Sasa huyu ndiye," akasema, akaihifadhi.

Siwezi kumrudishia jirani yangu sauti yake. Naweza tu kuwaambia walio hai na sauti zao: kukwaruza si fahari ya kazi, wala si baridi ya bara. Ikifika mwezi, nenda ukatazamwe.